Titi, maziwa ya kukamua au kopo: kabla ya kuchagua, pima umbali wa kazini

Wifi yangu na mimi tulijifungua mwaka mmoja, tukipishana wiki sita. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi Kigamboni, na kwenye nyumba aliyopanga, kengele ya shule inasikika mpaka jikoni. Mimi ni keshia wa duka la jumla Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, nalala Chanika, pembezoni kabisa mwa jiji. Wa kwake alinyonya titi tupu miezi sita kamili. Wa kwangu alianza maziwa ya kopo akiwa na miezi miwili na nusu. Ndugu wakapata cha kulinganisha: huyu ana maziwa, yule hana, huyu mvumilivu, yule wa kisasa. Sikumsikia hata mmoja akitaja foleni ya Gongo la Mboto.

Basi nimelinganisha mwenyewe, kwa ajili ya mama aliye likizo sasa hivi anayehesabu siku kwenye kalenda. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani anao tayari, umebandikwa ukutani kila kliniki: titi ndani ya saa ya kwanza, titi peke yake miezi sita, kisha titi na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Sibishani nao. Ninachotaka kujua ni kwa nini mama anayeujua kwa moyo bado anaingia duka la dawa kununua kopo, na kama hilo kopo linatatua kweli kilichompeleka pale.

"Maziwa hayatoshi"

Hii ndiyo sababu utakayoisikia kuliko zote, na mara nyingi maziwa yanatosha. Wiki za mwanzo matiti yanajaa, yanauma, yanavuja mpaka yanalowesha kanga. Ikifika kama wiki ya sita yanalainika. Mimi nilikuwa nayabonyeza asubuhi kama mtu anayechagua embe sokoni, nikiyakuta laini naingiwa na hofu. Wakati huohuo mtoto, kwenye wiki ya tatu, ya sita, na tena karibu na mwezi wa tatu, hupitia siku chache za kutaka kunyonya kila saa. Jioni analia, bibi anasema hashibi, jirani anasema mtoto wa kiume ndivyo alivyo. Ukimpa chupa analala fofofo, na hapo kila mtu anaona ushahidi umepatikana.

Ila titi halifanyi kazi kama pipa linalojazwa. Linatengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Chupa ya saa mbili usiku ni taarifa kwa titi kwamba saa mbili usiku hakuna mteja. Baada ya wiki mbili za chupa hiyo maziwa yanapungua kweli, na ile hofu inageuka ukweli.

Vya kuangalia ni viwili, na kilio hakimo. Nepi: kuanzia kama siku ya tano mtoto alowanishe sita au zaidi kwa siku. Na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki. Siku za kwanza kupungua kidogo ni kawaida, hata hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, lakini ikifika wiki ya pili awe ameurudisha. Nepi zikilowa na mstari ukipanda, maziwa yapo. Mstari ukilala au ukishuka, usingoje mtori wala supu ya pweza ifanye miujiza. Nenda kliniki wakuangalie unavyomweka mtoto titini. Wapo wachache ambao maziwa hayatoshi kweli: waliotoka damu nyingi wakati wa kujifungua, waliobakiwa na kipande cha kondo, waliopasuliwa matiti, wenye matatizo ya homoni. Kwa hao kopo ni tiba. Asiwaaibishe mtu.

Sababu ya chuchu kupasuka ni dada yake hii. Kopo linaondoa maumivu leo, mkao sahihi unayaondoa moja kwa moja: mdomo uwe umefunguka sana, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya lile duara jeusi iwe ndani ya mdomo. Nesi mmoja mwenye subira anaweza kukurekebisha kwa dakika kumi.

Kisha kuna kubemenda. Bado kuna nyumba ambazo mama anaachishwa kunyonyesha, au yeye mwenyewe anaogopa, kwa kuamini kwamba akikutana na mumewe maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofika. Maziwa hayaharibiki kwa tendo la ndoa. Mtoto anayedhoofika baada ya mama kupata mimba ya haraka hudhoofika kwa kuachishwa ghafla na kupewa uji mwepesi. Kopo hapa linatatua tatizo ambalo halipo.

Saa za kazi: hapa ndipo wengi wetu tuliponunua kopo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya ni miezi mitatu. Linganisha na ile miezi sita ya ukutani, utaona pengo la karibu miezi mitatu ambalo kila mama anaachiwa alizibe kivyake. Sheria hiyohiyo inasema mwajiri amruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku.

Kwa wifi yangu saa mbili ni mali. Mapumziko ya saa nne anavuka barabara, ananyonyesha, anarudi na vumbi la chaki bado liko vidoleni. Saa saba hivyohivyo. Mimi saa mbili hazinifikishi Chanika na kunirudisha. Tumepewa haki moja kwenye karatasi moja, yeye inamfikisha kwa mwanawe, mimi inaniacha njiani.

Nilichojifunza kwa kuchelewa ni kwamba unaweza kuzungumza na mwajiri saa hizo zihamie mwisho wa siku: ukitoka saa nane badala ya saa kumi, chupa moja ya mchana inageuka titi. Mkubaliane mapema, ukiwa bado likizo, na iwe kwenye maandishi. Mimi niliuliza nikiwa nimesharudi, mbele ya wateja, nikajibiwa nichague kati ya kazi na unyonyeshaji. Nikachagua kimya.

Kukamua ndiyo njia ya katikati, na ni kazi kweli. Niliijaribu wiki tatu. Ofisini kwetu pa kujificha palikuwa stoo ya maboksi, mlango hauna komeo, kwa hiyo nilikuwa naegemea mlango kwa mgongo huku mkono mmoja umeshika kikombe na mwingine unakamua. Dakika ishirini, jicho kwenye saa. Maziwa hutoka vizuri mama akitulia; mwenye kusikiliza nyayo za bosi hatoi kitu. Wenzetu wa Kenya sheria yao ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, chenye beseni la kunawia na friji. Nikiwaza lile komeo lisilokuwepo, naliona friji kama ndoto.

Ukiwa na mlango unaofungwa, kukamua kunakaribia titi kwa mbali kuliko kopo. Maziwa hukaa kama saa nne kwenye chumba chenye nyuzijoto 25. Dar mchana ni zaidi ya hapo, kwa hiyo yatie kwenye kibebeo chenye barafu, humo yanafika hata saa 24. Kwenye friji siku nne. Ya kugandisha ni bora yatumike ndani ya miezi sita. Kupasha moto ni kutumbukiza chombo kwenye bakuli la maji ya moto, si jikoni wala kwenye maikrowevu. Na hayahitaji mashine; mkono uliooshwa na kikombe kilichochemshwa vinatosha. Anza wiki mbili kabla ya kurudi kazini ili mkono uzoee na mtoto azoee kunywa kwa mtu mwingine. Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, kwa sababu kinasafishika na hakimfundishi mtoto kupenda chuchu ya plastiki.

Hesabu ambayo duka halikufanyii

Mtoto wa miezi mitatu mwenye kilo 6 anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo, yaani mililita 900 kwa siku. Hiyo ni takriban gramu 117 za unga. Kopo la gramu 400 linaisha kwa siku tatu na kitu. Mwezi ni makopo tisa.

Bei inatofautiana duka na duka, kwa hiyo weka yako. Tuseme kopo ni shilingi 30,000: mwezi ni 270,000. Kima cha chini cha mshahara wa serikali, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni 500,000. Zaidi ya nusu imeingia kwenye chupa kabla hujalipa dada wa kazi, nauli na kodi. Hapo sijahesabu gesi ya kuchemshia maji mara sita kwa siku.

Titi lina gharama yake pia, nani kasema ni bure? Mama anayenyonyesha anakula zaidi, na muda wake ni pesa ingawa hakuna anayemwandikia risiti. Ila hakuna siku titi linakwisha tarehe 23 na mshahara ni tarehe 30.

Na hiyo tarehe 23 ndipo hatari inapoingia. Mimi nilitumia kopo mchana tu, Jumatatu hadi Jumamosi: chupa nne za mililita 120, kila chupa vijiko vinne vya kopo vilivyosawazishwa, vinavyopaswa kwenda na maji mililita 120. Kwa hesabu hiyo kopo likifunguliwa Jumatatu linaisha Jumamosi. Wiki moja nikakuta Jumatano ya wiki ya pili bado lina unga. Nilifurahi, eti tumebana matumizi. Usiku, nikiwa nimelala, hesabu ikaja yenyewe. Asubuhi nikamwomba dada atengeneze chupa nikiangalia: maji mpaka mstari wa 120, vijiko vitatu, akatikisa. Maziwa yalikuwa na rangi nzuri tu. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole, "Dada, si ulisema nitumie kwa uangalifu, ni ghali?" Kweli nilisema. Kwa wiki nzima mwanangu alikuwa anashiba maji kwa agizo langu mwenyewe.

Kwa hiyo ukichagua kopo, chagua pamoja na mwenye kulitengeneza. Mfundishe kwa macho, usimfundishe kwa simu, na andika tarehe ya kufungua juu ya kifuniko. Kopo linalochelewa kuisha si habari njema. Kuongeza unga kupita kipimo nako kuna madhara: mtoto anafunga choo na figo zinaelemewa.

Maji

Watu wengi hudhani unga wa kopo ni safi kama dawa. Si hivyo, umekaushwa, na unaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto mchanga vibaya. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka unga ukorogwe kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70. Bila kipimajoto fanya hivi: chemsha maji mpaka yatokote, yaache yasizidi nusu saa, mimina, tia unga, tikisa, kisha poza chupa ndani ya beseni la maji baridi mpaka tone likidondoka kifundoni mwa mkono lisiunguze. Maji ya chupa ya chai yaliyowekwa alfajiri yakatumika alasiri, tayari vuguvugu, hayafai. Chupa ikishakorogwa isikae zaidi ya saa mbili. Kinachobaki mwaga, hata kama moyo unauma.

Linganisha na titi kwenye nyumba ambayo maji hutoka siku mbili kwa wiki, na umeme unakatika. Titi halisumbuliwi na hayo. Kopo linategemea vyote: maji, moto, sabuni, na mikono ya mtu mwingine.

Botswana walijifunza kwa uchungu. Nchi ile ilikuwa na mpango mzuri tu: serikali iliwapa akina mama wenye VVU maziwa ya kopo bure, ili virusi visipite kwenye titi. Mwanzoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, maji yakachafuka na kuhara kukalipuka. Wachunguzi walipofika hospitalini waliwakuta wengi wa waliolazwa ni watoto wasionyonya, na mamia ya watoto wakafa. Kopo lilikuwa la bure na lilikuwa la kweli; maji ndiyo yaliyoua.

Mama mwenye VVU

Hapa ushauri wa zamani bado unazunguka mitaani, na unawaumiza watu. Mama anayemeza ARV kila siku, virusi vikiwa vimefubaa, hatari ya kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha huwa chini ya asilimia moja. Kwa nchi kama yetu ushauri wa sasa ni anyonyeshe titi tupu miezi sita, aendelee na titi pamoja na chakula walau hadi miezi 12, na anaweza kufika 24, huku mtoto akipata dawa yake ya kinga na vipimo vyake. Kuchanganya titi na kopo kwenye miezi sita ya kwanza hakushauriwi, lakini ikiwa imeshatokea si sababu ya kuacha titi, mradi dawa hazikatwi.

Ukiwa na ndugu Marekani au Uingereza mwenye hali hiyohiyo, huenda ameelekezwa kopo. Hajadanganywa, wala wewe hujadanganywa. Kule maji ya bomba yanaaminika, kwa hiyo mizani inalalia upande mwingine, na hata hivyo Marekani tangu 2023 mama na daktari wake wanaruhusiwa kuamua pamoja. Huku, mama aliyeonekana na kopo huanza kuulizwa maswali na majirani, na wapo walioacha titi au wakang'ang'ania titi kwa ajili ya macho ya watu tu. Mizani yako ipimwe na mtoa huduma wa kliniki yako, anayejua kiwango chako cha virusi.

Mwilini

Nitapita haraka. Maziwa ya mama yana kinga ambayo hakuna kiwanda kilichoweza kuitia kwenye kopo, hasa yale ya mwanzo ya njano, dang'a, ambayo baadhi ya bibi zetu bado wanataka yakamuliwe na kumwagwa. Hata kama umeshaamua kopo, mpe dang'a. Jarida la kitabibu la Lancet lilikadiria 2016 kwamba kama karibu akina mama wote duniani wangenyonyesha ipasavyo, vifo 823,000 vya watoto kwa mwaka vingeepukwa, na vifo 20,000 vya akina mama kwa saratani ya matiti.

Jambo moja husahaulika: mama anayenyonyesha titi tupu usiku na mchana, mtoto chini ya miezi sita, na hedhi haijarudi, ana kinga ya mimba ya asilimia 98. Ukianza kopo kinga hiyo inaondoka mapema. Nenda kliniki ya uzazi wa mpango wiki ileile unayonunua kopo la kwanza. Jirani yangu alingoja hedhi irudi kwanza. Ikaja mimba.

Kuchanganya, kama nilivyofanya

Asiyeweza titi tupu si lazima ahamie kopo tupu. Hili sikuelezwa na mtu. Mimi nilinyonyesha saa kumi alfajiri kabla ya daladala, jioni nikifika, na usiku kila alipotaka. Jumapili titi siku nzima. Mchana kopo. Kunyonyesha usiku ndiko kulikoshikilia maziwa, maana usiku ndipo mwili unapotengeneza vizuri. Wakati wifi yangu akilala saa tatu kwa raha, mimi nilikuwa macho saa nane usiku, lakini titi halikukauka mpaka mtoto alipotimiza mwaka na miezi miwili. Kwa mama wa mapacha, au bibi anayelea mjukuu aliyefiwa na mama, hesabu ni nyingine kabisa. Mtoto wa bibi kopo ndilo titi lake, na ukoo uchangie makopo tisa ya mwezi badala ya kuchangia ushauri.

Wanaokwepa bei ya kopo kwa maziwa ya ng'ombe au uji wa lishe akiwa na miezi mitatu, hapo hakuna cha kulinganisha. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno na protini na chumvi nyingi mno kwa figo za mtoto wa chini ya mwaka. Kuyatia maji hakuyageuzi kuwa ya kopo. Uji usubiri miezi sita. Ikiwa bajeti haifiki makopo tisa, kuchanganya na titi ndiyo njia ya kupunguza makopo, siyo ng'ombe.

Dukani

Nunua linaloandikwa la kuanzia kuzaliwa hadi miezi sita, angalia tarehe na uzima wa kopo, na usihame aina kwa sababu tu mtoto amebeua. Yale ya soya na yasiyo na laktosi ni ya watoto walioandikiwa. Utaona kila kopo lina sentensi inayosema maziwa ya mama ni bora. Haikuandikwa kwa upendo. Mei 1981, baada ya miaka ya kampuni kugawa sampuli wodini, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo hayo: nchi 118 ziliunga mkono, moja tu ikapinga, Marekani. Kwa hiyo mtu yeyote akikupa sampuli ya bure hospitalini, anavunja kanuni zilizopo tangu mama yako akiwa binti.

Mwanangu alipotimiza mwaka, muuza duka alinitolea kopo la hatua ya tatu, lina picha ya simba na bei ya kulia. Nikamuuliza lina nini ambacho maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, mayai, dagaa na maharage hayana. Akacheka, akalirudisha kwenye rafu, akaniuzia dawa ya mafua.